Nilivyokata boliti ya hedi ndipo nikajua kuikaza

Naandika haya nikiwa bado na weusi wa oili kwenye kucha, na hasira kidogo. Gari sina ugomvi nalo. Hasira yangu ni kwa ule ushauri unaopewa bure kila gereji: "Hedi ikianza kusumbua, we ikaze tu." Hedi ndiyo kile kifuniko kizito cha juu ya silinda za injini, kinachoshikwa na boliti.

Gari ni Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya turbo. Ilichemsha nikipanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu baada ya mpira wa maji kupasuka. Nikaufunga kwa kipande cha tyubu, nikaongeza maji, nikarudi Arusha mdogo mdogo nikidhani yameisha. Kumbe. Kila asubuhi, gari limelala usiku kucha, nikishika mpira wa juu wa rejeta naukuta mgumu kama kiwiko. Nikifungua kifuniko cha tangi la akiba la maji, pshhh! Gesi ya kwenye silinda ilikuwa inapenyeza kwenye maji. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), kwaheri.

"Bosi, usifungue hedi, utaingia gharama bure," fundi wangu akasema. "Tuzikaze boliti, gasketi itabana yenyewe."

Nilikubali kwa sababu nilitaka iwe kweli. Fundi akaleta soketi, mpini, na juu ya mpini akachomeka bomba la maji la mita nzima. Boliti ya kwanza ikasogea. Ya pili ikalia kwiii. Ya tatu ikawa laini ghafla, kama mtu anakaza ndani ya siagi, halafu tak. Tukatazamana.

"Hii ilikuwa mbovu toka zamani," akasema.

Mbovu wapi! Boliti za injini hii hukazwa kwa nguvu ndogo kwanza, kisha huzungushwa kwa digrii, ili zivutike kidogo na kubana kama springi. Sasa iliyokwisha kuvutika ukairudia na bomba la mita moja, unategemea nini? Na gasketi iliyoungua haifufuki kwa kubanwa.

Kufungua hedi sina cha kueleza, ni spana tu na subira. Ila pushirodi, zile fimbo nyembamba zinazosukuma valvu, zichomeke kwenye kadibodi lenye matundu, kila moja na namba yake. Mimi nilizipanga sakafuni vizuri sana, paka akapita.

Kazi ilikuwa kile kisiki. Boliti ilikatikia ndani ya bloku, chini ya uso kwa kama unene wa sarafu ya mia. Nikajaribu tindo ndogo, nikigonga taratibu kuelekea upande wa kufungulia. Ikachimbika, haikuzunguka. Nikajaribu kutoboa katikati, kekee ikateleza na kuanza kula kando, nikaacha kabla sijaharibu bloku. Siku mbili nimeinama pale kama mtu aliyedondosha pete kisimani.

Jirani yangu mmoja, mzee mchomeleaji wa mageti, akaja kunichungulia. "Mwanangu, hiyo haitolewi kwa hasira. Toa betri, ziba hizo silinda kwa matambara mabichi."

Akaanza kudondosha chuma cha kuchomelea katikati ya kisiki, tone moja, anasubiri, tone jingine, mpaka kikachomoza juu ya bloku kama uyoga. Akaweka nati, akachomelea kwa ndani. Mimi na papara zangu nikatia spana palepale, nati ikang'oka. Mzee hakusema neno. Akaweka nyingine, safari hii akaanza na washa (pete bapa ya chuma), nati juu yake, kisha akakaa chini akaagiza chai. Tukanywa chai mpaka nati ikashikika kwa mkono mtupu. Hapo akaizungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, kama anabembeleza mtoto. Ikatoa mlio mwembamba, ikaanza kupanda. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alitaka elfu kumi, nikampa zaidi.

Hedi ikaenda kukaguliwa nyufa na kusawazishwa kwenye mashine, laki na kitu hivi. Gasketi mpya angalia matundu madogo pembeni yake, ndiyo yanayoonyesha unene. Yawe sawa na ya zamani, muuzaji akikwambia "zote moja" ondoka. Boliti nilinunua seti nzima. Mashimo ya bloku nilinyonya maji na oili kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, kisha nikapitisha boliti ya zamani niliyoichanja mfereji kwa msumeno ili ikombe uchafu wa kwenye nyuzi. Shimo likibaki na maji, ukikaza, maji hayabanwi. Bloku ndiyo inapasuka.

Kukaza sasa. Spana ya kupimia niliazima, kila boliti nyutoni-mita 40 (ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda nje. Halafu kuizungusha digrii 60, kisha 60 tena. Fundi akasema bila kipimo maalumu haiwezekani. Nikatabasamu. Kichwa cha boliti kina pembe sita, mzunguko mzima digrii 360, kwa hiyo pembe hadi pembe ni 60 kamili! Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikatia doa kwenye pembe moja ya boliti na doa jingine kwenye hedi mkabala na pembe inayofuata. Zungusha mpaka madoa yakutane. Zile ndefu za milimita 140 zinaongezwa digrii 20, yaani theluthi ya upande mmoja. Mke wangu bado anatafuta kichupa chake.

Asubuhi iliyofuata nikaubonyeza ule mpira. Ukabonyea.

Juzi fundi akapita: "Bosi, kilomita elfu zimefika, lini tunazikaza tena?" Nikamwonyesha kile kisiki na nati yake, nimekiweka kwenye dashibodi. Akaomba maji ya kunywa.