Usinunue boksi la TV kabla hujalijaribu na mafaili yako mwenyewe

Maduka ya elektroniki ya hapa Mwanza mjini, kuanzia kule Makoroboi mpaka mtaa wa Liberty, yana utaratibu mmoja naupenda sana, hakuna kitu kinatoka dukani bila kuwashwa mbele ya macho yako. Kinachomekwa, unaonyeshwa taa, unaonyeshwa picha, afu ndo unaandikiwa risiti, na ukirudi kesho kulalamika unajibiwa "si tulijaribu wote hapa bosi". Shida ni kile wanachojaribia. Ukienda kutafuta boksi la kuchezea video za HD wanakuwekea ile video ya maua na kasuku na samaki wa rangi rangi, picha inang'aa mpaka unameza mate, na video ile ingechezwa na karibu kila boksi lililopo kwenye shelfu. Mafaili yako ya nyumbani sio yale. Kwa hiyo ninachokwambia ni kitu kimoja tu, mengine yote hapa chini ni maelezo yake: nenda na flashi yako, weka humo yale mafaili yanayokusumbua kuliko yote, wachomeke hiyo.

Na nikisema mafaili sizungumzii muvi peke yake. Siku hizi mpiga video wa harusi hakupi tena DVD, anakupa flashi, kuna ya send-off, kuna kitchen party, kuna kanisani na ukumbini, kuna kipaimara cha mtoto wa dada, na juu ya hapo kila shangazi na simu yake karekodi vyake akarusha. Nyumbani kwetu hizo ndo zinarudiwa kuliko muvi yoyote. Mama akivuka kuja kutoka Nansio kule Ukerewe hataki habari za muvi, anataka kuona kwaya na kuona nani alivaa nini.

Sasa kwanini faili moja linacheza na lingine linagoma wakati yote mwisho wake yameandikwa MKV au MP4? Manake hiyo MKV ni tenga tu. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba tenga likipita limefunikwa huwezi kujua ndani kuna sato au dagaa mpaka ufunue, na faili ni hivohivo, jina la nje halikwambii kilichomo. Kilichomo ni video iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani njia ya kubana na kufungua video, pamoja na sauti, pengine na maandishi ya chini. Kodeki iliyozoeleka ni H.264, ipo tangu 2003, hiyo hata TV ya zamani zamani inaijua. Afu ikaja H.265, wengine wanaiita HEVC, 2013, inabana faili mpaka karibu nusu ya ukubwa kwa ubora uleule, na simu nyingi zimehamia huko, iPhone zimekuwa na uwezo wa kurekodi hivyo tangu iOS 11 ya 2017. Halafu kuna AV1 ya 2018 ambayo YouTube wanaitumia sana. Kazi ya kufungua hivi vitu inatakiwa ifanywe na sehemu maalum ndani ya chipu. Kama chipu haina hiyo sehemu, prosesa inajaribu kwa nguvu zake yenyewe, inazidiwa, picha inaganda sauti inaendelea, unaona bibi harusi amesimama mlangoni huku vigelegele vimeshafika madhabahuni.

Kuna ka kitu kengine watu wengi hawakajui, biti 8 na biti 10. Biti 8 inatoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 inatoa 1024, anga la jioni juu ya ziwa linatoka laini bila ile michirizi. Ni nzuri, ila boksi linaweza kufungua H.265 ya biti 10 bila wasiwasi na likashindwa kabisa H.264 ya biti 10, usiniulize nani alipanga hivyo. Na kamera za kisasa za wapiga video wetu zinarekodi kitu kinaitwa 4:2:2, namna ya kutunza rangi kwa undani zaidi, ambacho ni kwa ajili ya kuhariri na sio kwa ajili ya sebuleni, maboksi ya kawaida hayakigusi. Kwa hiyo kama harusi bado haijafika mwambie mpiga video mapema, naomba kazi ya mwisho iwe H.264 ya biti 8, 1080p (ile HD kamili), basi. Akikukabidhi hiyo itacheza kila mahali, mpaka kwa mjomba kijijini mwenye TV ya mwaka gani sijui. Zile ghafi za kwenye kamera mwambie akuwekee pembeni kwenye hadi diski, ni za kutunza.

4K je? Pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya 1080p. Binafsi naona watu wanalipia namba. TV ya inchi 43 ukikaa mbali zaidi ya mita mbili, na makochi yetu wengi yako mbali zaidi ya hapo, jicho la kawaida haliwezi kutofautisha 4K na 1080p. Lakini boksi lenyewe nashauri liwe na uwezo wa 4K hata kama TV yako ni ya 1080p, kwa sababu mashangazi wanarekodi kwa 4K bila hata kujua, na boksi likiwa na uwezo linaishusha lenyewe kwenye kioo chako. Lisipokuwa nao hupati kitu.

Sauti ndo inawachanganya watu zaidi. Picha inatoka safi, sauti hamna, mtu anahangaika na sabufa, anabadilisha nyaya, anaita fundi. Mara nyingi ni kwamba sauti ya ndani ya faili ni ya DTS, moja ya njia za kubana sauti, na TV haina leseni yake. Samsung waliitoa DTS kwenye TV zao kuanzia za 2018, LG nao wakaitoa 2020 halafu wakairudisha 2023. Hapo TV ni nzima kabisa na sabufa ni nzima. Ukicheza faili hilohilo kwenye boksi lenye VLC au Kodi sauti inatoka, kwa sababu hizo programu zinaifungua sauti zenyewe bila kuomba ruhusa kwa TV. Zote mbili ni za bure. VLC ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris kule Ufaransa mwaka 1996, Kodi ilizaliwa kwenye Xbox ya kwanza ikawa inaitwa XBMC mpaka 2014 ndo wakabadilisha jina.

Haya, flashi yenyewe. Ukinunua mpya nyingi zinakuja na FAT32, ambao ni mpangilio wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4, hata flashi iwe ya GB 128 na iko tupu. Piga hesabu, iPhone ikirekodi 4K ya fremu (picha) 30 kwa sekunde kwa HEVC inakula kama MB 170 kwa dakika, yaani dakika 24 tu GB 4 zimeisha, na ibada ya ndoa kwetu ikiisha ndani ya dakika 24 basi padri anawahi boti. Fomati kwa exFAT au NTFS, mipangilio mingine isiyo na kikomo hicho. Kwenye flashi naweka exFAT, ila kwenye hadi diski ya nje inayokaa imechomekwa muda wote napendelea NTFS, kwa sababu ina kumbukumbu ya kazi iliyokuwa inaendelea na umeme ukikatika ghafla inajirudisha vizuri zaidi, exFAT haina hiyo. Lakini sio kila boksi linasoma NTFS, hilo nalo lijaribie hapohapo dukani, usiulize maana muuzaji atakwambia inasoma. Na tukiwa kwenye flashi, hizi za TB 2 zinazouzwa bei ya soda mbili ni uongo mtupu, zinaonyesha TB 2 lakini ndani kuna kidogo na kikijaa vya zamani vinafutika, programu ya H2testw kwenye kompyuta itakufichulia ukweli wote.

Tuje kwenye vifaa. Cha kwanza tayari unacho, ni poti ya USB ya TV yako. Anzia hapo, chomeka flashi, angalia ni mafaili gani yanagoma na yanagomaje, kama yote yanacheza funga mfuko wako hela ikae. Deki za DVD zenye poti ya USB achana nazo kwa hii kazi, nyingi zinaishia kwenye DivX, kodeki ya zamani, na hazijawahi kusikia H.264.

Laptopu ya mtumba nayo ni mchezaji mzuri sana na watu wanaisahau. Kama ina prosesa ya Intel angalia kizazi cha saba kwenda juu, hapo H.265 ya biti 10 inafunguka kwenye chipu yenyewe, cha sita kinaishia biti 8, na AV1 mpaka ufike cha kumi na moja. Tatizo lake ni feni kupiga kelele na kwamba mama hawezi kutumia mausi akiwa kwenye kochi. Raspberry Pi 4, kale ka kompyuta kadogo ka bodi moja, yenye LibreELEC, mfumo wa kuendeshea Kodi, ni kitu kitamu kwa wapenda kuchokonoa, inatii mpaka remoti ya TV kupitia waya wa HDMI, ila lazima uagize na ujue unachofanya. Cha ajabu Pi 5 ambayo ni mpya zaidi waliitolea ile sehemu ya H.264 wakabakiza ya H.265, H.264 inafunguliwa na prosesa, inaweza lakini ndo ujue kwamba mpya haimaanishi ina kila kitu.

Fimbo zile za kuchomeka nyuma ya TV sizipendi kwa mafaili, ni za kustrimu, yaani kuangalia vya mtandaoni. Nyingi hazina poti ya maana ya USB, na hadi diski ndogo inataka umeme wa kutosha, ukiibana kwenye poti dhaifu inalia tik tik tik na haifunguki, hapo ni mpaka uongeze habu ya USB (kigawanyaji cha poti) yenye adapta yake.

Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na boksi la Android, na hapa ndo pana wizi. Kuna maboksi hayana jina la maana, kwenye kasha yameandikwa 8K, RAM sijui ngapi, ukiingia kwenye setingi unakuta kweli imeandikwa hivyohivyo kwa sababu nayo imeghushiwa. Na hiyo ya kughushi ni afadhali. Mwaka 2023 wataalam walionyesha kwamba baadhi ya maboksi ya bei chee, T95 likiwa moja wapo, yalitoka na virusi tayari ndani, ukiliunganisha tu na intaneti linaanza kufanya kazi za watu wengine kwa bando lako, na 2025 FBI wa Marekani nao wakatoa tahadhari kuhusu mtandao wa namna hiyo unaoitwa BADBOX 2.0. Mimi nachukua lenye Google TV au Android TV iliyothibitishwa na Google wenyewe, la kampuni inayojulikana, Xiaomi TV Box S kwa mfano au ukiwa na hela ya kuchezea Nvidia Shield. Lisilothibitishwa hata Netflix likicheza linakupa 480p, sasa HD ya nini.

Kuna jaribio moja muuzaji hatalipenda maana linachukua muda. Kwenye flashi yako weka video ambayo kamera inazunguka taratibu, kwaya inaingia au msafara wa magari unapita barabara ya Makongoro, chochote. Video za huku nyingi ni fremu 25 au 50 kwa sekunde, boksi linatoa 60, na hesabu haigawanyiki, kwa hiyo picha inakuwa kama inajikwaa kila kamera inapozunguka. Boksi zuri lina setingi ya kufuata fremu za video, Kodi nayo inayo. Iwashe ucheze tena. Kama bado inajikwaa, rudisha kwenye shelfu.

Likifika nyumbani usiruhusu lifunikwe. Najua kwa mama zetu kila kitu kina kitambaa chake cha kufuma, TV ina kitambaa, redio ina kitambaa, na boksi jipya litashonewa cha kwake kabla ya Jumapili. Chipu ikipata joto inapunguza mwendo, video inaanza kukwama baada ya nusu saa na lawama zinaenda kwa mpiga video. Mama yangu nimemwambia kitambaa kiwe chini yake, amekubali kwa shingo upande.

Na kwa walioko visiwani wanaotumia sola, boksi ni rafiki kuliko laptopu. Mengi yanataka volti 5 na ampea 2, yaani wati 10 kwa juu kabisa, na hizo unazipata kwenye kile kichaji cha gari cha USB ukiunga kwenye betri ya volti 12, huhitaji inveta kwa ajili ya boksi peke yake. Soma tu nyuma ya adapta kabla hujaunga maana yapo mengine yanataka volti 12, na hilo ukilipa 5 haliwaki, ila la 5 ukilipa 12 unalichoma hapohapo.