Nilivyoshika ufundi wa AC baada ya kuacha kurekodi video

Nianze na ushauri ulionipotezea karibu mwaka mzima. Nilipoingia karakana ya friji na AC hapa Dodoma kila mtu alikuwa ananiambia dogo we kaa karibu na fundi, angalia tu, mikono itazoea yenyewe. Mwingine akasema rekodi video kila kazi, usiku unarudia. Nikafanya yote mawili kwa moyo mmoja. Video zikafika kama mia mbili, simu ikajaa mpaka ikawa haipokei hata picha, na zile chache nilizorudia nilikuwa naona naelewa kila kitu, maana ukimwangalia mtu anayejua, kazi yote inaonekana nyepesi. Sitamwambia mtu yeyote arekodi video. Kama umesharekodi, sawa, lakini usijidanganye umejifunza.

Siku ya siku ikafika Novemba, lile joto letu la kabla ya mvua. Ofisi moja kule Mtumba wakapiga simu AC haipoozi, fundi alikuwa Nkuhungu na kazi kubwa akanituma peke yangu. Nimefika nikaanza na chujio, huku kwetu chujio ndo la kwanza siku zote kwa hili vumbi, nikaliosha, bado. Nikafunga geji ya presha kwenye bomba nene, ikasoma kama psi 70. Nikapumua. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, 70 maana yake gesi ipo, nimeiona kwa fundi mara nyingi sana. Basi nikamwambia yule mama wa ofisi, mama gesi ipo, tatizo kompresa, ile pampu ya gesi, imechoka. Kompresa ni laki kadhaa jamani, na mimi naitamka hivihivi! Namshukuru mpaka leo, alisema subiri kwanza mwanangu niongee na mkubwa wako.

Fundi alikuja jioni. Hata begi hakufungua. Akasoma kibandiko cha mashine ya nje, kimeandikwa R410A, ndo aina ya gesi yake, akagusa bomba jembamba, lina barafu. Akaniambia taratibu, "70 ni ya gesi ya R22 dogo, hii tunategemea 120 hivi." Akapaka povu la sabuni kwenye nati ya bomba, mapovu yakatoka palepale, gesi inavuja. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye simu, kibandiko, barafu, povu, na hakuna hata moja lililonijia nilipokuwa nalihitaji. Usiku ule sikula.

Dada yangu anasoma ualimu UDOM, nikamsimulia. Akaniambia kaka, we unaingiza tu, hujawahi kujilazimisha kutoa. Akanieleza habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa matokeo mwaka 1885, akaona mtu anasahau kwa kasi zaidi saa za mwanzoni, halafu kasi inapungua. Na akaona marudio yaliyogawanywa siku tofauti yanashika kuliko kurundika yote siku moja. Nikawaza, mimi video za Jumatatu nazitafuta mwezi ujao.

Nikanunua daftari la buku, nikapiga mstari katikati. Kushoto NADHANI, kulia ILIKUWA. Sheria yangu ni kwamba kabla fundi hajashika mashine, mimi nimeshaandika kushoto tatizo ni nini na kwa nini. Hiyo kwa nini ndo yenyewe. Ukiandika "gesi imepungua" tu unaweza kupatia kwa bahati na usijifunze kitu, lakini ukiandika "gesi imepungua kwa sababu bomba jembamba ndo lenye barafu" umeshajifunga, ukikosea unajua ni wazo gani lilikuwa bovu. Wiki ya kwanza nilipatia mashine tatu kwenye kumi na kitu. Iliuma, ila kosa uliloliandika kwa mkono wako halisahauliki. Yale niliyokosa nayageuza maswali kwenye vipande vya boksi, najiuliza kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, mara nyingi ndani ya daladala ya Mtumba. Jibu nalitoa kichwani kwanza, hata kama linachukua dakika nzima, ndo nageuza.

Na maswali kwa fundi nikabadilisha. Zamani nilikuwa nauliza "hii ni nini mzee?" ananijibu neno moja anaendelea. Sasa nasema mzee mi nimeona hivi, nikadhani hivi, nimekosea wapi? Hapo anaweka spana chini. Ndo nikajua kumbe gesi ikipungua presha inashuka, na presha ikishuka gesi inachemkia kwenye baridi ya chini ya sifuri, unyevu wa hewa unagandia kwenye bomba. Na kwamba R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, R32 na R125, ndo maana mtungi wetu tunaupindua kichwa chini itoke kimiminika, ukiitoa kama mvuke mchanganyiko unaweza kuharibika. Miezi yote nilikuwa namwona anapindua mtungi nikafikiri ni kukamua ya mwisho!

Mwezi wa nane hivi nikarudi ofisi ileile, chumba kingine. Nikasoma kibandiko, nikaandika kushoto, ndo nikafunga geji. Bomba nene lina barafu safari hii, chujio limeziba kabisa. Nusu saa nimemaliza, yule mama akanilipa mkononi bila kumpigia mtu simu.

Sasa karakana zinaingia mashine za R32 yenyewe, ile inaweza kushika moto. Nimeifungulia kurasa zake, na upande wa kulia umeshajaa kuliko wa kushoto.