Kizibo cha Kihori

Ilikuwa Aprili, mvua ndefu zimeshika, nasi tumetia nanga kando ya kisiwa cha Ndere, Ziwa Victoria. Boti ilikuwa ya mita 12. Kihori chake cha mpira, mita 3 kwa 1.5, kilining'inia nyuma kwa mikono miwili ya chuma, kila mmoja na winchi yake. Jioni tulikipandisha mbiombio giza likituingilia, na kizibo cha sakafuni kikabaki kimefungwa.

Usiku ikanyesha, ile mvua ya radi ya ziwani. Alfajiri kijana wa zamu akaniita: "Mzee, njoo uone hiki chuma." Mkono wa kushoto, ulioshika upande wa injini, ulikuwa umeinama, na waya wake umekaza kama uzi wa nyatiti. Sufuria iliyosahauliwa sitahani ilikuwa na maji ya sentimita 4. Basi hesabu ilikuwa wazi: sentimita 4 juu ya mita za mraba 4.5 ni lita 180, yaani kilo 180. Ongeza kihori, kilo 60, na injini ya nguvu za farasi 8 ambayo hatukuishusha, karibu kilo 40. Mikono ile iliundwa kubeba kilo 200.

Kijana alikwisha kushika mpini wa winchi ateremshe. Nikamzuia. Maji yaliyo huru ndani ya chombo hukimbilia ncha iliyotangulia kushuka. Winchi zikipishana kidogo tu, mzigo wote unaangukia ndoano moja. Nililala kifudifudi kwenye ubao wa nyuma, nikapitisha mkono chini ya injini, nikakizungusha kizibo hadi kikatoka. Maji yalitoka kwa mfereji mnene kama kidole gumba, yakachukua karibu robo saa. Mkono wa chuma ukainuka taratibu, lakini haukunyooka kabisa.

Ndipo tukateremsha. Kamba ya omo, yaani ncha ya mbele ya kihori, ilifungwa kwanza kwenye boti kubwa, kizibo kikarudishwa na kukazwa, kisha winchi zote mbili kwa mwendo mmoja, mmoja wetu akihesabu kwa sauti. Kilipoelea, tulitoa ndoano ya tezi, ile ya nyuma, kwanza, ya omo mwisho. Injini ilipowaka nilitazama mkojo wake: maji ya kupoza yalitoka kwa matone, maana gugumaji lilikuwa limeziba tundu la kuvutia maji. Tukazima, tukachokonoa mizizi, tukawasha tena.

Safari iliyobaki injini ililala kwenye kibao chake ukingoni mwa boti. Kihori tulikining'iniza tezi ikiwa chini ya omo kwa sentimita 10, ili mvua ijitafutie yenyewe tundu la kizibo lililoachwa wazi, na mikanda miwili ikikizuia kuyumba, kwani kuyumba huko ndiko hulegeza bolti za mikono. Kizibo tulikifunga kwa uzi kwenye ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, asiweze mtu kuwasha kabla hajakishika mkononi.