Kisasi na chenji yake
Wiki iliyopita narudi nyumbani nakuta daftari la hesabu la binti yangu limekatwakatwa na mkasi, kuanzia kava mpaka kurasa za mwanzo, na kaka yake kasimama palepale wala hajakimbia, namuuliza kulikoni ananijibu kwa sauti kabisa, "Nimelipiza kisasi, kavunja penseli yangu." Mtoto wa miaka 8 huyo. Mama yangu alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, hata kichwa hakuinua, akamuuliza tu: "Penseli bei gani? Daftari bei gani? Haya, chenji ya mwenzio iko wapi?"

Mtoto kimya. Mimi ndo nikalala na hilo neno kichwani.

Maana kisasi chenyewe kilikuja kwetu na kipimo chake. Asili yake ni Kiarabu, qisas, na kwenye sheria ya Kiislamu ni sawa kwa sawa, aliyejeruhi asizidishiwe, na hapohapo mlango wa kusamehe au kupokea dia, yaani fidia, umeachwa wazi. Sisi tukalipokea tukaliingiza kwenye ki- na vi- kama tulivyofanya kitabu, ndo maana leo tunasema visasi na hakuna anayeshtuka. Na shina hilohilo la Kiarabu limetupa pia kisa, na limetupa mkasi. Mkasi jamani! Kufuata nyayo na kukata, maana zote mbili zimo kwenye shina hilo. Nikaliangalia tena lile daftari nikaishiwa maneno.

Kitenzi sasa ndo chetu wenyewe, lipa. Yaani ubaya tunauhesabu kama deni, "atanilipa huyu", "lazima nimlipizie mdogo wangu". Lakini lipiza siyo lipisha, konda akikulipisha nauli mara mbili kakuibia tu, hajakulipiza chochote, kulipiza kuna kinyongo ndani, kitu kimekaa rohoni siku nyingi kinasubiri. Soma Warumi 12:19 kwenye Biblia ya Kiswahili, watu wanaambiwa "msijilipize kisasi", halafu Bwana anasema "mimi nitalipa". Sisi tunakatazwa kwa kitenzi kirefu chenye -ji- ndani yake, kujichukulia mwenyewe, Yeye anabaki na lipa tupu, fupi, kama mtu anayefunga hesabu. Kila nikifika hapo nasimama.

Ndo maana inaniuma tunavyolitumia hovyo kwenye habari. Aprili 2025 Marekani na China walipokuwa wanapandishiana ushuru, China ikatoka asilimia 34 ikaenda 84 ikaenda 125 ndani ya wiki moja tu, kila mahali nikawa nasoma "ushuru wa kulipiza kisasi". Hapana bwana. Serikali imejibu, basi sema imejibu, au ushuru wa kujibu mapigo, tunalo neno. Ukiandika kisasi ushamwambia msomaji kwamba kuna chuki pale, na wewe mwandishi hiyo chuki umeiona wapi? Na kwenye vita ni hatari zaidi, kwa sababu kisasi kina kawaida ya kumfanya anayepiga wa pili aonekane ana haki, maana si analipwa deni lake.

Kwenye mpira hapo sina neno. Simba walimfunga Yanga 5-0 Mei 2012, Yanga wakakaa nazo zile tano miaka 11 na ushee, watoto wamezaliwa wamekua wanataniwa shuleni kwa mechi wasiyoiona, mpaka Novemba 5, 2023 wakashinda 5-1, na mtaani kwetu watu wakatoka nje wanaonyesha vidole vitano juu. Kile ni kisasi chenye kipimo, tano kwa tano, refa yupo, na kesho yake mnauziana vitumbua kama kawaida.

Daftari nimenunua jipya. Penseli nayo nimenunua, maana na yeye alikuwa anadai kweli, nisingeweza kumnyima haki yake kwa sababu tu kazidisha. Nikamkalisha nikamweleza tofauti ya kujibu na kulipiza, nikadhani hajaelewa. Jana nipo jikoni nikasikia kishindo sebuleni, binti kaanza kulia, na kabla sijafika nikamsikia kaka yake anajitetea, "Mama, nimemjibu tu, sijalipiza!"