Kukwea mti kwa kamba: kwa anayeanza

Huku si kukwea mnazi. Huukumbatii mti, unaning'inia kwenye kamba. Mchezo una shule tangu 1983, Peter Jenkins alipoanzisha Tree Climbers International kule Atlanta, Marekani. Anza na mwalimu, maana kosa la fundo hulioni mpaka ulitegemee.

Vaa helmeti na hanesi (mikanda ya kukushikilia kiunoni na mapajani) ya wakwea miti yenye kikalio kipana. Ya majabali itakubana mapaja upesi. Kamba isiyovutika sana, unene milimita 12 hivi. Mita 45 zinakutosha tawi la mita 20, kwa kuwa kamba inapanda na kushuka.

Tawi liwe bichi, unene sentimita 15 au zaidi, na kamba ikae karibu na shina. Rusha kwanza uzi mwembamba wenye kifuko cha gramu 300 hivi, kisha vutia kamba. Ivishe ala ya ngozi pale inapopita, isichune gome.

Sasa fundo la Blake, linaloshika kamba ukilitegemea na kuteleza ukilisukuma; hapa ndipo penye kazi. Ncha inayotoka kwenye hanesi izungushe mara 4 kwenda juu kwenye kamba kuu (upande wa pili unaoning'inia), ncha ishuke, ivuke mbele ya mguu wake (kipande kati ya hanesi na fundo), ipite nyuma ya kamba kuu, itokee chini ya mizunguko 2 ya chini. Ukisahau kuivusha mbele, fundo linafanana kabisa, ila linaweza kufumuka. Ncha ifungwe fundo la umbo la nane (8). Kushuka ni taratibu: ukienda mbio, joto linaunguza nyuzi na fundo linaanza kuteleza.

Nyaya za umeme, nyuki, au uyoga shinani? Tafuta mti mwingine.