Kitabu cha pili nilikianzia kwenye mkataba wa kwanza

Kabla sijaandika hata sentensi moja ya riwaya ya pili, mimi na wakala wangu, anayeniuzia miswada kwa wachapishaji, tulirudi kwenye mkataba wa ile ya kwanza. Tulikuwa tunatafuta kipengele kimoja tu: kile kinachompa mchapishaji haki ya kuonyeshwa kazi inayofuata kabla ya wengine. Kikiandikwa "kazi inayofuata ya mwandishi" bila maelezo zaidi, kinabeba kila kitu, hata mashairi na hadithi za watoto. Wakati wa kukibana ni kabla ya kusaini. Aina ya kazi itajwe. Mchapishaji asome muhtasari na sura chache, asidai muswada mzima. Apewe siku za kujibu, 30 au 60, zihesabiwe tangu anapopokea. Zikihesabiwa tangu kitabu cha kwanza kiingie sokoni, muswada wako unaweza kulala zaidi ya mwaka bila mtu kuugusa. Na kama anataka pia haki ya kukichukua kitabu kwa kufikia tu ofa ya mchapishaji mwingine, kataa kabisa. Nani atahangaika kuandaa ofa akijua kuna mtu anasubiri kuichukua?

Baada ya hapo nilimpelekea wakala mawazo matatu, kila moja aya moja. Tulipochagua, niliandika muhtasari wa kurasa mbili unaoeleza kisa hadi mwisho wake, kisha kurasa 50 za mwanzo. Sikumtumia sura mojamoja kila zinapotoka. Macho mageni ni mtaji, na msomaji anayo mara moja tu. Akishaijua hadithi kwa vipande, hawezi tena kuona mahali inapolegea.

Maoni yake niliyasoma kwa kutenganisha kasoro na tiba. Akisema sura ya nne inachosha, namwamini. Akisema niongeze mhusika, nachunguza kwanza, maana mara nyingi ugonjwa uko sura ya pili, ambako jambo la kutazamiwa halikupandwa.

Sehemu inayohitaji kalamu na karatasi ni mkataba wa vitabu viwili. Uliza: hesabu ni za pamoja au kila kitabu na yake? Tuseme kila kimoja kimelipiwa malipo ya awali ya 10,000, ambayo hufidiwa kwanza kutoka kwenye mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi katika mauzo. Mrabaha wa cha kwanza umefika 13,000, wa cha pili 6,000. Hesabu zikitengwa, unadai 3,000 za kitabu cha kwanza. Zikiunganishwa, jumla ni 19,000 dhidi ya 20,000, nawe hupati kitu mpaka pengo la 1,000 lizibwe. Mauzo ni yaleyale, ila mstari mmoja wa mkataba umekula haki yako. Hapa ndipo wakala anapostahili asilimia zake, ambazo kwa kawaida ni 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa haki za tafsiri, kwa kuwa huko hugawana na wakala mwenzake.

Tarehe ya kukabidhi muswada nayo ni ya kupigania. Malipo ya awali hutolewa kwa mafungu: kusaini, muswada kukubaliwa, kitabu kutoka. Ukiahidi miezi 12 huku ukijua unahitaji 18, fungu la pili linachelewa, na mchapishaji anaweza kupata sababu ya kuvunja mkataba. Niliomba 18 tangu mwanzo, na wakala akaipata bila mvutano.