Simu Mbili za Shangazi

Niliondoka Nakuru alfajiri, siku tatu baada ya kurudisha ufunguo wa kibanda changu. Miezi saba tu. Nikiulizwa nasema ni kodi ilinishinda, lakini kusema kweli duka nililila mwenyewe: leo pakiti ya unga, kesho sukari robo, na sikuandika popote.

Mau Summit ukungu ulifunika vioo vya matatu, kisha majani chai ya Kericho, kisha joto. Ukiteremkia Ahero unavua sweta bila kuambiwa.

Shangazi huuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, sokoni Kibuye, Kisumu. Nilimkuta akipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, anajaza mpaka kilima kinasimama, halafu anatupia konzi moja juu.

"Hii konzi ndiyo humrudisha mteja," alisema bila kuinua macho. "Kaa hapo mwanangu. Umekonda."

Nilidhani hiyo ni kazi ya kuketi na kungoja. Kumbe biashara yenyewe hufuata mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiangaza, taa haziwavuti, mzigo unapungua na bei inapanda. Mvua ikizikuta bado mbichi kwenye nyavu za kuanikia, zinaharibika na kuishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kuliza. Tena kila mwaka, Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Miezi minne! Na mimi nilishindwa na duka ambalo lori la unga lilipita mlangoni kila wiki.

Yeye anavukaje? Kwenye chama chao cha kuchangiana fedha kwa zamu, aliomba zamu yake iwe Machi. Fedha zikiingia ananunua magunia ya omena zilizokauka vizuri, anayaweka pakavu, na huko kwenye kufungwa anauza polepole.

Halafu zile simu. Ya kioo kilichopasuka ni ya biashara, mulika mwizi, ile ndogo ya vibonyezo yenye tochi, ni ya nyumbani. Jioni hujitumia mshahara kutoka ile kwenda hii, na makato analipa. Nilicheka. Hakucheka.

Saa kumi na mbili tulifunga turubai. Akapima nusu gorogoro ya chakula cha jioni, safari hii bila konzi, akatoa mulika mwizi, akabonyeza namba ya siri polepole. Ile simu nyingine ikalia kwenye mkoba wake.

"Sasa ni zetu," akasema. "Twende tukapike."